Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Mwezi wa Aprili uliopita, katika mkutano wa tawi moja huku kwetu mpakani, si mbali na daraja la Rusumo, lilizuka neno ambalo limenikaa moyoni mpaka leo. Tulikuwa tumemaliza mambo ya kadi na michango, watu wanangojea chai, ndipo ndugu mmoja, mtu mzima na mwanachama mwaminifu, aliposimama akauliza habari za jirani zetu wa Rwanda. Alisema: "Hawa wenzetu kila mwaka ikifika tarehe 7 Aprili wanalia. Miaka thelathini na ushei sasa imepita. Je, watalia mpaka lini? Si afadhali wasahau, wajenge nchi yao?" Wengi waliitikia, na wengine wakapiga makofi. Nami niliyekaa mbele, ambaye kazi yangu ni kujibu maswali ya wanachama, sikujibu. Niliinama nikatazama daftari langu.

Naona haya kusimulia jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Deni ni deni, na leo nataka kulilipa mbele yenu nyote. Jawabu langu ni hili: jeraha walilopata Wanyarwanda si la mtu mmoja mmoja, ni jeraha la watu kwa jumla, na jeraha la namna hiyo haliponi kwa amri ya kusahau, wala kwa hotuba, wala kwa mtu kujifungia chumbani na machozi yake. Hupata nafuu pale watu wachache wanapoketi pamoja, wakaaminiana, wakasikilizana juma hata juma. Wenzetu wamelijaribu jambo hilo, wameona faida yake, na sisi yatupasa kujifunza kwao badala ya kuwahesabia miaka ya kulia.

Kabla ya kwenda mbali, niruhusuni niseme jinsi nilivyofunguka macho.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikuwa na mwenzangu mmoja tuliyelala naye bweni moja. Mama yake ni Mnyarwanda wa Bugesera, aliyeolewa huku Tanzania miaka michache baada ya 1994. Siku moja ya michezo wazazi walialikwa, na yule mama akaja, amevaa vizuri, ametuletea ndizi mbivu kikapu kizima. Alikaa kwenye benchi pamoja na wazazi wengine. Mbio zilipokaribia kuanza, mwalimu wa michezo alipuliza filimbi kwa nguvu. Yule mama alianguka chini kifudifudi, akatambaa mpaka chini ya benchi, akajifunika kichwa kwa khanga yake, akakaa kimya kama jiwe.

Sisi wanafunzi tulicheka. Nasema tulicheka, maana na mimi nilikuwamo. Tulidhani mama wa watu kashtuka tu kishamba.

Usiku mwenzangu alitueleza. Mwaka 1994 mama yake alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alijificha siku nyingi ndani ya mabwawa ya mafunjo, maji yakimfika kifuani, na wale waliokuwa wakiwawinda watu walipuliza filimbi kuitana kila walipoona majani yanatikisika. Wazazi wake na ndugu zake wote waliuawa. Zaidi ya miaka ishirini ilikuwa imepita, yuko nchi nyingine, ana mume na watoto, kiwanjani jua linawaka na watoto wanacheza. Lakini filimbi moja ilimrudisha majini. Na yule mwenzangu, aliyezaliwa baada ya mambo hayo yote, alisema kwamba nyumbani kwao filimbi haijapata kuingia hata ya kuchezea mtoto, na kila Aprili yeye mwenyewe hukosa usingizi bila kujua anaogopa nini.

Ndugu zangu, wazee wetu walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilikuwa nikiifundishwa methali hii darasani kama somo la lugha. Siku ile ndipo nilipoisikia.

Sasa yafaa tukumbushane yaliyotokea, maana wengi wetu vijana tunayasikia kwa juu juu. Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali. Kuanzia tarehe 7 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalienea nchi nzima, kwa muda wa siku mia moja hivi. Umoja wa Mataifa hutaja watu wapatao 800,000 waliouawa. Serikali ya Rwanda yasema ni zaidi ya milioni moja. Pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa kushiriki au waliowaficha wenzao. Redio iliyoitwa RTLM ilichochea watu na kutangaza majina ya waliotakiwa kuuawa. Na tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake waliokuwa Rwanda wabaki 270 tu. Wakubwa wa dunia walitazama pembeni, kama nilivyotazama daftari langu.

Sisi wa nchi ya jirani hatuwezi kusema hayatuhusu. Mto Kagera, huu huu tunaochota maji yake, ulibeba maiti mpaka Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda wakawaopoa kwa maelfu na kuwazika. Makaburi yao yapo Kasensero, Lambu na Ggolo. Mwisho wa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, wengi wakikimbia vita, na miongoni mwao wakiwamo waliotoka kuua. Hata kesi za wakubwa wa mauaji hayo zilisikilizwa kwetu Arusha, katika Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa 2015. Hapo ndipo tarehe 2 Septemba 1998, katika kesi ya Akayesu, mahakama ya kimataifa ilipomtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari kwa mara ya kwanza, na kutamka kwamba kunajisi wanawake kwaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Wanawake waliotoa ushahidi huo walipanda magari na ndege kuja kwetu, wakayasema mbele ya majaji mambo ambayo hata mama zao, kama wangekuwa hai, wasingewaambia. Je, ni wangapi katika sisi tuliojua kwamba walikuwapo?

Wala tusidanganyane kwamba chuki ile ilitoka mbinguni. Wabelgiji waliandika kabila la mtu katika kitambulisho tangu miaka ya 1930. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, watawala wapya hawakuifuta kadi ile, waliiona inawafaa. Na kadi hiyo hiyo ndiyo iliyosomwa katika vizuizi vya barabarani mwaka 1994 ili kuamua nani apite na nani afe. Mkoloni alipanda, wengine wakamwagilia, wengine wakavuna. Kila mmoja na abebe fungu lake.

Sasa natoka kwenye habari za mauaji niingie kwenye habari za jeraha, maana hapo ndipo neno langu lilipo.

Mtu akivunjika mguu, wenziwe humbeba. Akifiwa na mtoto, majirani huja kukaa matanga. Wake kwa waume huacha kazi zao, hupika, huteka maji, hulala chini na mfiwa, humsikiliza anaporudia habari ile ile mara ishirini, wala hakuna amwambiaye, "Umekwisha sema hayo." Hii ndiyo dawa ya kale ya Mwafrika, na ni dawa kweli. Lakini fikirini, ndugu zangu: mwaka 1994 ni nani angekaa matanga na nani? Wa kukaa naye walikuwa wamekufa wote. Maiti hazikujulikana zilipo. Jirani ambaye desturi yamtaka aje na kuni na maji, ndiye aliyekuja na panga. Watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo makanisani. Mwalimu aliwataja wanafunzi wake. Basi kilichouawa si watu tu; iliuawa na ile imani ya kwamba mtu akibisha hodi mlangoni pako amekuja kwa heri.

Ndiyo sababu nikasema hili ni jeraha la watu kwa jumla. Mtu mmoja aweza kumeza dawa ya usingizi akalala. Lakini dawa gani ya kumeza itamfanya amwamini tena jirani yake?

Wanyarwanda wenyewe walilitafutia jina jambo hili. Walisema ihahamuka, neno la mtu aliyeishiwa na pumzi kwa hofu. Katika siku za maombolezo ya kitaifa hutokea mtu aliyekaa kimya akaanza kupiga mayowe, akakimbia, akaomba wasimkate, kana kwamba wauaji wapo mbele yake. Na katika maadhimisho ya mwaka wa 20, mwaka 2014, watu wengi walibebwa kutoka ndani ya uwanja wa Amahoro mjini Kigali wakilia kwa namna hiyo. Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchi nzima mwaka 2018 ulionyesha kwamba maradhi ya kiwewe yalionekana kwa watu wapatao 4 katika kila 100 wa umma kwa jumla, lakini miongoni mwa manusura walikuwa karibu 28 katika kila 100. Maradhi ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, yalikuwa 12 katika 100 kwa umma, na 35 katika 100 kwa manusura. Hesabu hiyo ilifanywa miaka 24 baada ya panga la mwisho kutupwa. Sasa ndugu yetu wa tawini na aniambie: amri ya kusahau itamponya yupi katika hao?

Mwaka 1994 nchi nzima ilikuwa na hospitali moja tu ya maradhi ya akili, ile ya Ndera, nayo ilivamiwa, wagonjwa na waliokimbilia humo wakauawa. Madaktari wa akili waliobaki walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hata kama kila daktari angekesha, asingemaliza kijiji kimoja. Manusura hawakungojea. Januari 1995, miezi michache tu baada ya mauaji, wajane 50 walikutana wakaunda chama chao, AVEGA, wakakiongezea jina la Agahozo, maana yake kufutana machozi. Hawakuanza na jengo wala bajeti. Walianza kwa kukaa pamoja. Mjane aliyedhani ni yeye peke yake aliyenajisiwa, aliyeambukizwa maradhi, aliyeona aibu kuishi wakati watoto wake wamekufa, alikuta wenziwe wana habari ile ile. Kutoka hapo walipata nguvu ya kutafuta matibabu, nyumba, na haki mahakamani.

Mwaka 1996 wanafunzi manusura wa Chuo Kikuu cha Butare nao walianzisha chama chao, AERG. Hawa walikuwa yatima. Walifanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nalistaajabia: walijigawa wakaunda familia. Katika kila familia walimchagua mwanafunzi mmoja kuwa baba na mwingine kuwa mama, wote vijana wa rika moja, na wengine wakawa watoto. Baba huyo wa miaka ishirini na kitu alipaswa kujua nani anaumwa, nani hana ada, nani hajala, na siku ya harusi ndiye aliyesimama mahali pa mzazi. Je, huo ni mchezo wa watoto? La hasha. Ni watu walioporwa ukoo, wakakataa kuishi bila ukoo.

Na mwaka 2005, huko Byumba kaskazini, katika Kanisa la Anglikana, ilianza kazi iitwayo tiba ya jamii, kwa msaada wa mtaalamu mwanamke wa Kiholanzi. Nitaieleza vizuri, maana wengi husikia neno tiba wakadhani ni sindano.

Watu kati ya 10 na 15 wa kilima kimoja huketi kwa duara, mara moja kwa juma, kwa muda wa saa tatu hivi, majuma 15. Wanaowaongoza ni watu wawili wa hapo hapo kijijini, aghalabu wakulima au walimu, waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari. Hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi. Na angalieni mpango wake: hawaanzi na habari za mauaji. Huanza na usalama: je, mimi nikikaa hapa nitadhurika? Kisha uaminifu. Kisha kujaliana. Kisha heshima. Kisha kutafuta mwelekeo mpya wa maisha. Kumbukumbu zile nzito hupewa nafasi yake mwishoni, mtu anapokuwa amekwisha kuona kwamba waliomzunguka watamshika akianguka. Wenyewe hutunga sheria zao: linalosemwa hapa halitoki nje, hakuna kumkatiza mwenzio, asiyetaka kusema na anyamaze, kukaa kwake kwatosha.

Katika duara hizo waliketi wajane, yatima, watu waliotoka gerezani, wake wa wafungwa, na wagomvi wa mashamba. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliowalinganisha watu 100 waliokaa katika duara hizo na watu 100 ambao hawakukaa. Waliokaa walipata nafuu zaidi ya rohoni, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baada ya duara kwisha. Sitaki mtu aseme nimeleta miujiza. Nafuu ni nafuu, si uponyaji kamili. Lakini kwa mtu ambaye hajalala usingizi mmoja tangu utoto wake, nafuu si kitu kidogo.

Sasa mtauliza, siri yake ni nini? Je, ni kusema tu? Hapa yataka tuangalie sana, kwa sababu kuna watu wadhanio kwamba ukimlazimisha mtu aseme, basi umemponya. Rwanda ilikuwa na mahakama za gacaca, zilizoanza 2002, zikaenea nchi nzima 2005 na kufungwa Juni 2012. Zilikuwa mahakama zipatazo 12,000, zikasikiliza kesi karibu milioni mbili. Kazi yake ilikuwa kubwa, na bila ya hizo kesi zingechukua miaka mia. Lakini utafiti mmoja uliochapishwa 2010, wa Wanyarwanda wapatao 1,200, ulionyesha kwamba waliotoa ushahidi katika gacaca walikuwa na kiwewe na sonona zaidi kuliko wasiotoa. Kwa nini? Kwa sababu mbele ya mahakama mtu husimama peke yake, watu wa mshitakiwa wanamkodolea macho, jioni anarudi nyumbani peke yake, na kesho yake akutane nao kisimani. Alisema, lakini hakubebwa.

Basi siri haiko katika kusema peke yake. Iko katika nani anayesikiliza, na kama atakuwapo tena juma lijalo. Haki yataka mahakama, na lazima ipatikane. Jeraha lataka matanga. Moja haliwezi kuchukua mahali pa jingine, na aliyepewa moja bado anadai la pili.

Nimekwisha kuyasikia maneno ya wapinzani, nami nitayajibu.

Wa kwanza husema: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Nimesema wazi kwamba mtaalamu wa Kiholanzi alisaidia. Lakini ulizeni, kukaa duara, kusikilizana, kumpikia mfiwa, kulikuja na meli gani? Tumeyaacha mambo yetu mpaka mgeni akituonyesha tunadhani ni yake.

Wa pili husema: "Kwanza chakula, mambo ya moyo baadaye." Ni kweli njaa haingoji. Lakini mjane asiyelala hawezi kulima, na jirani wasioaminiana hawawezi kuwa na ushirika wa maziwa wala wa kahawa. Wajane wa AVEGA walipata vyote viwili kwa sababu walianza kuaminiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono inayoogopana haijengi nyumba.

Wa tatu ndiye ndugu yetu wa tawini: "Wasahau kwa ajili ya umoja." Huyu namheshimu zaidi, kwa kuwa nia yake ni njema. Sisi watu wa chama tunaupenda umoja, tumelelewa nao. Lakini umoja unaomtaka mwenye jeraha anyamaze ili sisi wengine tukae raha, huo ni umoja wa upande mmoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Zaidi ya hayo, muuaji ndiye anayefaidika na kusahau. Wapo mpaka leo wanaosema mauaji yale hayakutokea, au yalikuwa vita tu kama vita vyote. Kila manusura anaponyamazishwa, hao huongeza sauti.

Hata hivyo, nisije nikauza dawa kama mchuuzi wa sokoni. Duara halifai kwa kila mtu kwa kila wakati. Yuko mgonjwa anayehitaji daktari na hospitali, na kumweka dharani ni kumchelewesha. Hapasi mtu kulazimishwa kuingia, wala kulazimishwa kusamehe, wala kuketishwa na aliyemuulia watoto kabla moyo wake haujakubali, ati kwa kuwa mgeni wa wilaya anakuja kupiga picha. Msamaha ni mali ya mwenye jeraha. Serikali haiwezi kuutoza, wala kanisa, wala chama. Na waongozaji nao ni binadamu. Yule anayesikiliza vilio mwaka mzima naye anahitaji wa kumsikiliza.

Sasa sisi tufanye nini? Maana makala isiyomtuma mtu kazi ni kelele.

Kwanza, sisi tunaoendesha mikutano. Mimi nimefundishwa kujaza uwanja. Nikipata watu elfu moja nafurahi, nikipata kumi na wawili naona nimeshindwa. Sasa naona yako mambo ambayo watu elfu moja hawawezi kuyafanya, na kumi na wawili waweza. Uwanjani watu huitikia, duarani husikiliza. Chama chataka kazi zote mbili, na hii ya pili tumeisahau.

Pili, walimu wenzangu. Mtoto anayeshtuka, anayesinzia, anayepigana bila sababu, tusikimbilie fimbo wala kumwita mjinga. Wanyarwanda walio wengi leo wamezaliwa baada ya 1994, lakini wamelelewa na wazazi walioyaona. Na hofu hurithiwa kama sura. Hayo hayakomei Rwanda. Wapo kwetu Katumba, Mishamo na Ulyankulu watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Sisemi maafa yote ni sawasawa, kila moja lina historia yake. Nasema tu kwamba mtoto anayekaa dawati la nyuma aweza kuwa amebeba usiku ambao hakuuona.

Tatu, matawi yote ya mpakani. Tarehe 7 Aprili ikifika, tusiulize watalia mpaka lini. Twende tukakae nao. Waliozikwa kando ya ziwa na waliochukuliwa na Kagera hawana wa kuwakalia matanga ila walio karibu. Kukaa hakuhitaji bajeti. Kwahitaji benchi, chai, na kinywa kinachojua kunyamaza.

Mwezi ujao nitarudi katika tawi lile. Ndugu yule ni mkubwa wangu kwa umri na kwa kazi za chama, nami nitamjibu kwa adabu, lakini nitamjibu. Nitamsimulia habari za mama mmoja, kikapu cha ndizi, na filimbi. Nitamwambia na kwamba mimi nilicheka. Kisha nitamwomba akae nami, yeye na wazee wengine kumi, tuyazungumze tusiyowahi kuyazungumza. Maana hata sisi wa mpakani tuliona maiti zikipita mtoni mwaka ule, na sijasikia mzee hata mmoja akisimulia.

Wahenga walituachia neno la kutuaibisha: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mtazamaji ni mwepesi siku zote. Njia ya kuujua uzito wake ni moja tu, nayo ni kutia bega.